Mchagua Kioo

Lugha yetu haina huruma na mtu anayechagua. Mchagua jembe si mkulima, tuliambiwa tukiwa wadogo. Mchagua nazi hupata koroma. Siku hizi methali hizo huwa nazisikia zaidi dukani, kutoka kwa muuzaji anayetaka nilipe niondoke. Lakini nimemtazama mama yangu akinunua nazi. Anainua moja, anaipima uzito kiganjani, anaitikisa karibu na sikio asikie maji, anaigeuza akague yale matundu matatu kama yana unyevu au ukungu, anairudisha, anachukua nyingine. Hana haraka, na muda wote huo anamuuliza muuzaji habari za nyumbani kwake. Miaka yote sijaona koroma ikiingia jikoni kwetu. Kwa hiyo kati ya methali na mkono wa mama, mimi hufuata mkono.

Mkono huo ndio ninaoukumbuka kila ninapoombwa kumsindikiza mtu Kariakoo kununua kioo cha kuchezea gemu kwenye kompyuta, hasa kile kipana kilichopinda. Wengine husema skrini, wengine monita. Mafundi simu wametuzoesha kioo, na kwangu hilo ndilo jina. Watu wengi hukinunua kwa kuangalia bei na picha ya kwenye boksi. Mimi naona kinastahili utulivu ule ule wa nazi, maana hakuna kifaa kingine cha kompyuta kinachodai mwili wa mtu kiasi hiki: macho, shingo, mgongo, hata namna anavyovuta kiti.

Upana kwanza. Kioo cha kawaida kina uwiano wa 16:9. Kile kipana kina 21:9, karibu na umbo la picha ya sinema. Kioo kipana cha inchi 34 kina kimo kile kile cha kioo cha kawaida cha inchi 27, sentimita 33 hivi. Kinachoongezeka ni mbavu: upana unafika karibu sentimita 80. Asiyejua hilo hudhani inchi 34 ni kubwa kila upande, na akifika nyumbani huona amepunjwa. Hajapunjwa. Amenunua kulia na kushoto.

Na kulia na kushoto kuna mengi. Katika Euro Truck Simulator 2, gemu ya mwaka 2012 ambayo hadi leo watu wanasafirisha mizigo yake usiku kucha, mwenye kioo cha kawaida huona barabara na usukani, na ili apate saiti mira ya upande wa pili lazima azungushe shingo ya dereva kwa kipanya. Kwenye kioo kipana saiti mira zote mbili zinaingia kwenye picha. Unarudisha trela nyuma kwa macho tu, kama dereva wa kweli, na unagundua kwamba ulikuwa ukiendesha miaka yote huku umeinamia tundu la ufunguo. Ni kweli kwamba si kila gemu hukupa ubavu huo. Elden Ring ya mwaka 2022 kwenye kompyuta inakuachia mistari mipana myeusi kulia na kushoto, na ukiunganisha PlayStation 5 utapata picha ya 16:9 tu. Mtu ajue kwanza anacheza nini.

Kioo changu cha kwanza kipana nilikichagua kwa boksi. Kilikuwa inchi 34, kimepinda vizuri, bei yake ikanifurahisha, na muuzaji hakuniambia, wala mimi sikuuliza, kwamba pikseli zake ni 2560 kwa 1080. Hizo ukizitandaza kwenye inchi 34 unapata pikseli 82 kwa inchi moja. Herufi zikawa na meno, majani ya miti yakawa kama ukili uliosukwa kwa haraka. Kwa ukubwa huo namba ninayoitaka ni 3440 kwa 1440, inayofikisha karibu 110 kwa inchi. Lakini hapo napo pana gharama ambayo boksi halitaji: pikseli zinakuwa karibu milioni tano, zaidi ya mara mbili ya zile za kioo cha 1920 kwa 1080, na kadi ya michoro lazima izichore zote upya makumi ya mara kila sekunde. Kadi dhaifu, feni yake italia juu, na gemu itakwenda kwa kusitasita. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mtu anayetaka kioo huwa ni kuhusu kadi.

Sasa mpindo, ambao ndio moyo wa jambo hili. Kwenye boksi huandikwa 1000R, 1500R, 1800R. Namba hiyo ni nusu kipenyo, kwa milimita. Ukichukua vioo vya 1000R ukavipanga ubavu kwa ubavu hadi vikutane, utapata duara, na kutoka katikati ya duara hilo hadi kiooni kokote ni mita moja. Kadiri namba inavyopungua ndivyo mpindo unavyozidi. Watu huisoma kama namba ya ubora, kana kwamba 1000 imeishinda 1800 au kinyume chake. Mimi huisoma kama anwani ya kiti. Waliotengeneza kioo wameshaamua mahali ambapo kichwa chako kingekaa vizuri zaidi, wakapaandika.

Fundi mmoja wa Kariakoo, mtu wa makamo anayefungua vioo vilivyokufa na kuvifufua, ndiye aliyenionyesha hili kwa uzi. Siku hiyo nilikuwa nimempelekea kile kioo changu cha meno. Alichukua uzi wa kushonea, akaniambia nishike ncha moja kwenye ukingo wa kushoto, yeye akashika nyingine ukingo wa kulia, tukaukaza hadi ukalia. Kisha akasimamisha rula katikati, kutoka kwenye kioo hadi kwenye uzi. Sentimita nne na kitu. "Hiki ni 1800, mdogo wangu. Kingekuwa 1500 ungepata tano na kitu. Kingekuwa 1000 zingekaribia nane." Nikamwambia namba ziko kwenye boksi. Akakunja uzi wake taratibu akauweka mfukoni. "Boksi halina macho."

Usiku ule nilichora hesabu ile kwenye daftari. Ukikaa sentimita 70 mbele ya kioo bapa chenye upana wa sentimita 80, katikati iko sentimita 70 kutoka machoni, lakini ukingo uko karibu 81. Kila jicho linapotoka katikati kwenda kuangalia ramani ndogo pembeni, linalazimika kujirekebisha, tena linasoma kwa mshazari. Kioo cha 1000R cha upana huo huo kinauvuta ukingo mbele, na umbali unashuka hadi 73. Zile sentimita nane za uzi wa fundi ndizo zinazopunguza safari ya jicho, mara elfu kwa usiku mmoja. Tangu hapo nimeacha kuona mpindo kuwa pambo.

Wala wazo hili halikuanza na kompyuta. Mmarekani Fred Waller alishaona kwamba mtu huijua nafasi aliyomo kwa kile kinachopita pembezoni mwa macho kuliko kile anachokitazama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitengeneza mtambo wa kufundishia wapiga risasi wa ndege za kivita, projekta tano zikimulika ukuta uliopinda mbele ya mwanafunzi. Vita ilipokwisha akaugeuza ujuzi huo kuwa sinema. Tarehe 30 Septemba 1952, jijini New York, watu walikaa mbele ya pazia la Cinerama lililowazunguka kwa nyuzi 146, projekta tatu zikipeleka picha moja, wakapandishwa kwenye gari la bembea linaloporomoka kwenye reli. Pazia lenyewe lilikuwa vipande vyembamba zaidi ya 1,000 vilivyosimamishwa wima, kila kimoja kimegeuzwa kidogo, ili mwanga wa upande wa kulia usirukie upande wa kushoto na kuchafua picha. Mtu aliyekaa akapanga vipande elfu kwa ajili ya weusi wa picha, huyo ni wa ukoo mmoja na mama yangu na nazi zake.

Kuna jambo moja linalonisumbua kuhusu mpindo, nalo nalisema waziwazi kwa kila ninayemsindikiza. Duara lina katikati moja. Kioo kilichopinda ni cha mtu mmoja. Sisi tumelelewa na televisheni ya sebuleni, iliyowahi kuwa ya mtaa mzima, watoto mkekani, wakubwa kwenye viti, jirani mlangoni. Kampuni kubwa zilipoleta televisheni zilizopinda katika miaka ya 2013 na 2014, hazikudumu, na sababu mtu huiona akikaa pembeni ya kochi: ubavu mmoja unamkabili kupita kiasi, mwingine unamkimbia. Kama gemu zako ni za kupokezana padi na ndugu watatu kila Ijumaa, nunua kioo bapa, na usisikitike. Kilichopinda ni cha yule anayebaki peke yake saa nne usiku, nyumba imelala, akiruka na ndege ndogo kukizunguka kilele cha Kibo ndani ya Microsoft Flight Simulator, theluji ikiwa kushoto na tambarare ikienda mbali kulia. Upweke wa namna hiyo una heshima yake, kama wa msomaji, na unastahili kiti kilichopimwa.

Likizo iliyopita mpwa wangu alikuja na fedha alizodunduliza. Kabla hatujatoka nikamwambia tupime meza. Ilikuwa na kina cha sentimita 60. Stendi ya kioo kikubwa hula sehemu nzuri ya hapo, kwa hiyo uso wake ungekaa sentimita 70 hivi kutoka kiooni, pengine 75. Dirisha lake liko nyuma ya kiti na halina pazia zito. Hayo mawili, meza na dirisha, yakaondoa nusu ya maduka kabla hatujapanda daladala. Vile vya OLED anavyovitamani, ambavyo kila pikseli huwaka na kuzimika yenyewe, vina weusi usio na mfano. Lakini aina ya QD-OLED kwenye chumba chenye mwanga mwingi hugeuka kijivu, na picha isiyosogea, kama ile mistari ya afya na risasi pembeni mwa gemu, ikikaa miaka inaweza kuacha alama. Aina nyingine, IPS, ina rangi nzuri ila gizani pembe zake hung'aa weupe. VA, ambayo ndiyo iliyo nyingi kwenye vioo vilivyopinda, ina weusi mzito, mara tatu hivi ya IPS, na kasoro yake ni kwamba pikseli zake nyeusi huchelewa kuamka: kitu cheusi kikipita haraka huacha mkia.

Dukani nikatoa flashi yangu yenye picha tano, kila moja rangi moja: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, buluu. Kijana wa duka akatabasamu. "Bosi wangu, hiki kipya kabisa." Nikamwomba azime taa na kushusha pazia la mlango kwa dakika mbili tu, akakubali, kijana muungwana. Tukaweka nyeusi. Mpwa wangu alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa, akapita taratibu kutoka kona hadi kona, na mimi nikanyamaza kusudi. Chini kulia akasimama. "Mjomba, hapa." Nukta moja ya kijani, ndogo kuliko punje ya chumvi, ilikuwa inawaka peke yake kwenye weusi wote ule.

Cha pili kilikuwa safi. 3440 kwa 1440, VA, 1500R. Uzi ulisema sentimita tano na milimita tatu. Mpwa wangu alifungua picha ya herufi za kijivu kwenye ukurasa mweusi akaipandisha na kuishusha haraka, mkia ukaonekana, mfupi, akasema anaweza kuishi nao kwa sababu yeye ni mtu wa magari. Nikamkumbusha waya: 144 Hz, yaani picha 144 kila sekunde, iliyoandikwa kwenye boksi haiji kwa waya wowote wa HDMI uliookotwa droo ya zamani, na hata ukitumia DisplayPort, Windows inaweza kubaki kwenye 60 hadi uingie kwenye mipangilio uibadilishe kwa mkono.

Jioni tukakifunga. Alifungua Assetto Corsa, tukapima kwa futi kutoka machoni hadi kiooni ili tuijaze namba ya pembe ya kuonea kwa wima, ikatoka nyuzi 27, ndogo mno kwa jinsi alivyozoea, lakini kona za barabara zikaanza kumjia kwa ukubwa wake halisi. Akavuta kiti mbele kidogo. Akakirudisha nyuma. Akakisogeza tena, kwa miguu, bila kuondoa macho kwenye barabara, kisha kiti kikatulia, na hakukisogeza tena hadi tulipoitwa kula.