Mukufu wa shanga: picha nzuri, lakini haitoshi

Wandugu ma-agronomi, mu kozi ya kemia, tukifika kwa polimeri na sabuni, tunaonyeshwaka picha moja tu: uzi mrefu wa polimeri, na juu yake vifundo vya molekuli za sabuni, miseli, vimepangwa sawa shanga za mukufu. Naipenda ile picha. Lakini tuikosoe, ju tunaibeba mpaka mu shamba.

Haisemi uongo. Mu maji matupu, sabuni ya SDS inaanza kufanya miseli karibu na milimoli 8 kwa litre, ni kusema gramu 2,3. Ukitia polimeri ya PEO, inaanza mapema, kwenye 4 ao 5. Mwaka 1977, Bernard Cabane alionyesha kwa NMR kwamba uzi unajipanga juu ya uso wa miseli. Shanga ziko kweli.

Kasoro ya kwanza: picha inaficha kituo cha pili, chenye M. N. Jones alikwisha kuonyesha mwaka 1967. Sabuni yenye kushikwa na uzi haisaidii kushusha mvutano wa uso wa maji. Inabidi kuongeza, hata kupita ile 8. Na polimeri ikiwa nyingi, kituo kile kinasogea mbali zaidi. Mwenye kusikia «mapema» anafikiri sabuni kidogo itatosha. Kumbe jani linaomba zaidi.

Kasoro ya pili: chaji. SDS iko na chaji hasi. Ikikutana na polimeri ya chaji chanya na chaji zikalingana, hakuna mukufu tena: ni mabonge yenye kushuka chini. Watengenezaji wa shampoo wanatafutaka kitu cha namna ile, kibaki kwa nywele wakati wa kusuuza. Mu pompe ya kunyunyizia, inaziba tundu. Na sabuni nyingi zisizo na chaji hazishiki PEO hata kidogo.

Sisi njo tunamwambia mama mkulima: «Ongeza sabuni, dawa ishike.» Mbele ya kusema vile, tuchanganye kwanza mu chupa ya kuonekana ndani, kwa kipimo kilekile, tungoje nusu saa. Mabonge yakitokea, tusitie mu pompe. Yasipotokea, tuweke tone kwa jani, tuone kama linatandaa.

Kama mu kozi zenu walichora picha ingine, mutuandikie hapa chini.