Boro na Vita Visivyosimuliwa

Wasomaji wengi wa Weep Not, Child, hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotolewa mwaka 1964, humfuata kijana Njoroge na hamu yake ya elimu, na kumpita Boro, kaka yake kwa baba, kama mtu apitavyo mgonjwa aliyelala barazani. Na Boro mwenyewe hawasaidii, kwani ni mtu wa kimya. Alikwenda Misri, Yerusalemu na Bama katika vita vya Hitler. Aliponea chupuchupu mara nyingi. Akarudi bila ya nduguye Mwangi, aliyefia vitani. Habari zote hizo zimewekwa katika mistari michache tu. Hapana mlio wa bunduki, hapana handaki.

Wako watakaolihesabu jambo hilo kuwa upungufu wa mtungaji kijana ambaye hakuviona vita hivyo. Hukumu hiyo ni ya haraka. Mashaka ya askari aliyerudi kwao ni hayo hasa, kwamba aliyoyaona hayana msikilizaji. Utazame usiku ule Ngotho anapowasimulia watoto habari za Gikuyu na Mumbi, na jinsi ardhi ilivyopotea. Wote wametulia kwa utamu wa masimulizi. Boro peke yake asikia hesabu ya deni. Amwuliza baba yake awezaje kumtumikia mtu aliyeichukua ardhi yao, kisha atoka nje. Mzee naye alichukuliwa katika vita vya kwanza. Baba ana vita vyake, mwana ana vyake, wala havikutani.

Kando ya hao mtungaji amemweka Bwana Howlands, na hapo ndipo ustadi wake ulipo. Howlands naye alipitia vita vya kwanza, na mwanawe Peter alikufa katika vita vile vile vilivyomwua Mwangi. Msiba ni mmoja, malipo ni mbalimbali. Anayeijua tarikhi ya Kenya atakumbuka kwamba mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwagawia mashamba askari Wazungu waliotoka vitani, na wachukuzi weusi waliobeba mizigo ya vita hivyo hawakuwamo. Boro arudi baada ya vita vya pili, hapati kazi wala ardhi ya kukaa.

Kasoro ipo, lakini mahali pengine. Boro akiisha kuingia msituni, karibu ageuke kuwa wazo tu. Amwambia msaidizi wake kwamba haamini kitu ila kisasi, na tangu hapo msomaji aona matendo kuliko mtu. Waruhiu Itote, aliyepigana Bama katika jeshi la Keya kabla ya kuingia msituni, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1967 jinsi askari mmoja Mwingereza alivyomwuliza kwa nini Mwafrika aipiganie dola isiyo yake. Swali moja la namna hiyo, lililotoka kwa askari mwenzi, lingalimfaa Boro kuliko kurasa nyingi za hasira.

Hata hivyo, penye kitanda cha Ngotho anayekufa, mtu yule arejea. Boro aingia akitoka msituni, aomba radhi, na mzee ambariki. Maneno ni machache mno. Kisha aondoka kumwendea Howlands. Hata hapo, habari za Bama hazikutajwa.