Kogi: Lori la Chakula na Herufi 140

Novemba 2008, uchumi wa Marekani ukiwa unaporomoka, lori la chakula lililoitwa Kogi lilianza kuzunguka usiku katika mitaa ya Los Angeles. Wazo lilikuwa la Mark Manguera: nyama ya mbavu iliyokolezwa kwa viungo vya Kikorea, ikunjwe ndani ya chapati ndogo za mahindi za Kimeksiko. Jikoni alikuwa Roy Choi, mzaliwa wa Seoul aliyewahi kupika katika hoteli kubwa. Bei ilikuwa kama dola 2 tu kwa kipande. Haikuchukua muda mrefu mamia ya watu wakawa wanapanga foleni, wengine kwa saa nzima na zaidi, na sifa zote zikaenda kwa Twitter.

Sifa hizo naziona za juu juu. Twitter ilikuwa wazi kwa kila mfanyabiashara wa jiji lile, na wengi hawakuona foleni yoyote. Tuangalie Kogi waliandika nini humo.

Mwenye duka mteja anajua pa kumkuta. Lori halina anwani: leo liko nje ya klabu za Sunset Strip, kesho karibu na mabweni ya UCLA, keshokutwa limekwama kwenye msongamano wa magari. Alice Shin, shemeji yake Manguera, ndiye aliyeshika kalamu. Ujumbe wake ulitaja mtaa, saa ya kufika na saa ya kuondoka. Wakichelewa, alisema wamechelewa. Hizi zilikuwa habari zinazochacha. Aliyezisoma kesho yake hakupata kitu, kwa hiyo aliyetaka kula ilimbidi afuatilie leo. Kufuatilia ukurasa kukawa hatua ya kwanza ya kupata chakula, na hapo ndipo ilipo siri kubwa ya Kogi.

Ufinyu wa nafasi nao ulisaidia. Twitter ya wakati ule iliruhusu herufi 140, kwa sababu ilijengwa juu ya ujumbe mfupi wa simu wenye herufi 160, 20 zikiachwa kwa jina la mwandikaji. Simu janja zilikuwa bado za wachache, lakini taarifa ya lori iliweza kusomeka hata kwenye simu ya kawaida. Malori yalipoongezeka yalipewa majina ya Kihispania ya rangi, kama Verde na Roja, na ujumbe ukabaki mfupi vilevile: lori gani, mtaa gani, saa ngapi.

Tusisahau kwamba wateja wa mwanzo walitafutwa kwa mikono. Siku za mwanzo biashara ilikuwa ngumu, wakawa wanawaonjesha bure mabaunsa wa klabu, nao wakasimulia wengine. Na chakula chenyewe kilistahili: mwaka 2010 jarida la Food & Wine lilimtaja Choi miongoni mwa wapishi wapya bora wa Marekani.

Sasa fungua kurasa za wauzaji wetu wa Kariakoo. "Mzigo umeingia," picha nzuri, halafu, "bei njoo inboksi." Naelewa hofu yao, jirani akiiona bei atashusha yake. Lakini gharama ya kuficha ni kubwa kuliko wanavyodhani. Watu arobaini wanauliza swali lile lile, muuzaji yuko dukani anahudumia, anajibu usiku, na mteja ameshanunua kwingine. Ukurasa umevuta watu hadi mlangoni kisha ukawafungia nje. Inaniuma, kwa sababu bando na muda wa kupiga picha vimetoka mfukoni mwa mtu ambaye faida yake ni ndogo.

Kwa biashara ya mtaani chombo kilicho karibu zaidi na mbinu ya Kogi ni stetasi ya WhatsApp, inayodumu saa 24. Ina sharti moja ambalo wengi hawalizingatii: kwa kawaida huonwa na mtu mliyehifadhiana namba, wewe unayo yake na yeye anayo yako. Orodha ya matangazo nayo hupokea hadi watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo kazi inaanza pale mteja anapolipa: "Dada, hifadhi namba yangu, jioni naweka samaki waliopo." Kisha saa kumi jioni: "Sato watatu wamebaki, 12,000 kila mmoja, nipo sokoni hadi saa moja usiku." Wakiisha, andika wameisha. Mteja aliyewakosa leo atafungua mapema kesho, na hatafunga safari ya bure.

Fundi cherehani, ambaye kibanda chake hakihami, atauliza kipi kwake kinabadilika kila siku. Ni nafasi. Ramadhani inapoanza aandike anapokea nguo za Idi hadi tarehe 20 ya mwezi, kanzu ni kiasi gani, gauni kiasi gani. Baada ya hapo, kila jioni aseme zimebaki nafasi ngapi. Zikijaa, atangaze zimejaa, na asipokee nguo nyingine hata kwa kubembelezwa.