Mngurumo wa Nias

Zamisha kipimajoto pale Simba Uranga, mto Rufiji unapoingia baharini, nacho kitakupa joto la pale, kwa saa ile tu. Maji yakijaa, bahari hupanda na chumvi yake hadi ndani ya mikoko. Yakipwa, Rufiji humwaga tope lake, na kipimajoto kilekile kinasema mengine. Wenye majahazi waendao Mafia wanaijua shida hiyo: bildi hupima kina cha pale ilipoangukia, si cha safari nzima.

Ndiyo maana nauhusudu ufundi wa kupima joto la bahari kwa sauti, uliopendekezwa mwaka 1979 na Walter Munk na Carl Wunsch. Majini sauti hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde, na joto likipanda nyuzi moja huongeza mita nne na ushei. Piga sauti huku, isikilizwe kule, hesabu muda: umepata wastani wa njia nzima. Na njia yenyewe ni ya ajabu. Kwenye kina cha kama mita 1,000 sauti huenda polepole kuliko kwingine, kwa kuwa juu yake joto huiongezea mwendo na chini yake mgandamizo hufanya vivyo hivyo. Ikitoka kwenye tabaka hilo hupindishwa na kurudi, ndipo ikafika mbali bila kugonga sakafu. Januari 1991 Munk na wenzake walipiga mlio karibu na kisiwa cha Heard, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi. Ukasikika Bermuda saa tatu na zaidi baadaye.

Kisha ukaja ubishi kuhusu nyangumi, kwamba milio hiyo ingewadhuru, na si ubishi wa kupuuzwa.

Mwaka 2020 Wenbo Wu na wenzake walionyesha kwamba hakuna haja ya kupiga mlio wowote. Sumatra tunaifahamu: mawimbi ya tsunami yaliyoanzia huko 26 Desemba 2004 yaliua watu hadi Dar es Salaam. Huko, karibu na kisiwa cha Nias, matetemeko madogo hujirudia palepale, na mngurumo wake hufika kwenye kituo cha mitetemo cha kisiwa cha Diego Garcia, kilomita 3,000 hivi, baada ya nusu saa na dakika chache. Linganisha mawili yanayofanana ya miaka tofauti. Wastani wa joto ukipanda sehemu moja ya mia ya nyuzi, la baadaye huwahi kwa kama sehemu sita za mia za sekunde. Kwa hesabu hiyo makini walikuta mashariki ya Bahari ya Hindi ilipata joto kati ya 2005 na 2016, tena kupita makadirio ya awali.

Ufundi huu hautaingia kwenye vijito vya Kibiti, kule mdomoni mwa Rufiji. Maji ni mafupi mno, na huko kipimajoto kitaendelea kuzamishwa kwa mkono. Lakini kituo cha Diego Garcia kilinasa matetemeko hayo bila mtu kufikiria joto la bahari. Basi wenye kutunza kumbukumbu za mitetemo katika vituo vyetu vya Afrika Mashariki, tafadhali msizifute.