Crossrail: takwimu za ardhini na takwimu za mezani

Tarehe 31 Agosti 2018, kampuni iliyokuwa ikijenga reli ya Crossrail jijini London ilitangaza kwamba njia hiyo haitafunguliwa Desemba mwaka huo kama ilivyoahidiwa kwa miaka mingi. Ilikuwa imebaki miezi mitatu na siku chache. Taarifa za maendeleo zilizotolewa mwaka huohuo zilikuwa zikisema kazi imekamilika kwa zaidi ya asilimia 90. Abiria wa kwanza walisafiri chini ya katikati ya jiji tarehe 24 Mei 2022. Hizo asilimia zisizofika kumi zilikula karibu miaka minne, na bajeti ya pauni bilioni 14.8 ikapanda hadi karibu bilioni 19.

Mradi huu haukukosa kompyuta wala wataalamu. Ratiba zilikuwa kwenye programu, taarifa za kila mwezi zilijaa grafu na rangi. Tena, miaka mitatu tu kabla ya tangazo lile, mradi huohuo ulikuwa umemaliza kuchimba kilomita 42 za mahandaki chini ya jiji kongwe, ukiongozwa na takwimu kwa ustadi ambao mhandisi yeyote wa ujenzi anapaswa kuusoma. Iweje basi mradi mmoja, wenye mwajiri mmoja, uzitumie takwimu vizuri namna ile hadi 2015, halafu upotezwe nazo mwaka 2018? Kwa maoni yangu, kila kitu kinategemea mambo mawili: nani anaizalisha namba inayoonekana kwenye dashibodi, na ni hatua gani inayolazimika kuchukuliwa namba hiyo ikiharibika. Mahandakini mambo hayo yalikuwa na majibu. Kwenye vituo na mifumo ya treni hayakuwa nayo.

Tuanze nyuma kidogo, kwa sababu ustadi ule ulikuwa na chanzo chake. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1994, mahandaki ya reli yaliyokuwa yakijengwa chini ya uwanja wa ndege wa Heathrow yaliporomoka, ardhi ikatitia na majengo yaliyokuwa juu yakabomoka. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Mwaka 1999 mahakama ilimtoza mkandarasi faini ya pauni milioni 1.2 na kampuni ya washauri pauni 500,000. Mwaka uliofuata mamlaka ya afya na usalama kazini ilitoa ripoti ambayo bado inasomwa na wachimba mahandaki. Jambo lililowauma wengi ni kwamba vipimo vilikuwepo. Kuta za handaki zilikuwa zikipimwa, na namba zilikuwa zikionyesha kwamba kuta zinasogea. Kilichokosekana ni mtu wa kuzisoma kwa wakati na mwenye mamlaka ya kusema kazi isimame.

Crossrail ilipoanza kuchimba mwaka 2012, somo hilo lilikuwa limewaingia wahandisi wake. Mashine nane za kuchimba zilitumika, kila moja ikiwa na uzito wa tani 1,000 hivi na kichwa chenye kipenyo cha mita 7.1. Kila mashine ilipochimba mita 1.6, ilisimama kidogo na kujenga mzunguko wa vipande vya zege nyuma yake, kisha ikaendelea. Hesabu yake ni rahisi: kipenyo cha mita 7.1 na urefu wa mita 1.6 hutoa mita za ujazo 63 hivi za udongo. Kwa mashine nyingi za aina hii, mkanda unaosafirisha udongo hufungwa mizani. Uzito ukizidi ule unaotarajiwa kwa mzunguko mmoja, maana yake mashine inakula udongo usio wake, na kuna shimo linafunguka juu ya kichwa chake. Habari hiyo hupatikana ndani ya mzunguko uleule, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha shinikizo. Hakuna anayehitaji kuulizwa “unaonaje, kazi imefikia wapi?” Mizani imeshasema.

Juu ya ardhi kulikuwa na jeshi jingine la vipimo. Kwenye kuta za majengo ya katikati ya London zilibandikwa prizimu ndogo za kioo, na vyombo vya upimaji vinavyojiendesha vilifungwa juu ya paa na kutani, vikizilenga prizimu hizo moja baada ya nyingine usiku na mchana. Jengo likishuka kwa milimita chache, namba ilionekana. Kwa kila sehemu kulikuwa na viwango vilivyokubaliwa kabla ya uchimbaji: namba ikifika hapa rangi ni ya manjano, ikifika pale ni nyekundu, na kwa kila rangi ilishaandikwa nani aitwe na nini kifanyike.

Hatua yenyewe ilikuwa ya kimwili kabisa. Karibu na majengo yaliyokuwa hatarini vilichimbwa visima vipana, na kutoka ndani ya visima hivyo mabomba membamba ya chuma yakasukumwa kwa ulalo kwenda chini ya misingi, yakitandazwa kama vidole vya kiganja. Mabomba hayo yana matundu yenye vizibo vya mpira. Mashine ilipopita na ardhi kuanza kulegea, wahandisi walichagua tundu fulani, kwenye bomba fulani, wakadunga uji wa saruji mpaka kipimo cha juu kikaonyesha jengo limerudi mahali pake. Kutoka kwenye prizimu hadi kwenye pampu, mnyororo ulikuwa mfupi na kila pete yake ilikuwa na mwenyewe. Pale Tottenham Court Road, mashine ilipita juu ya handaki la treni za chini ya ardhi za njia ya Northern kwa umbali usiofika mita moja, huku treni za abiria zikiendelea kupita chini yake. Uchimbaji wa mashine zote ulikamilika Mei 2015.

Ilipofika hapo kazi ikabadilika sura. Kilichobaki ni reli, umeme, kengele za moto, mawasiliano, milango ya majukwaani, mifumo ya ishara, treni zenyewe na vituo vipya kumi. Namba kuu iliyopanda kwenda kwa viongozi sasa ikawa asilimia ya kazi iliyokamilika.

Inafaa kueleza jinsi asilimia hiyo inavyozaliwa, kwa kuwa ndiyo inayotawala karibu kila dashibodi ya ujenzi duniani. Njia inayofundishwa ni ya kulinganisha thamani tatu. Tuseme jengo lina bajeti ya shilingi bilioni 2. Kwa mujibu wa ratiba, hadi mwisho wa mwezi wa sita kazi yenye thamani ya bilioni 1 iwe imefanyika. Ukikagua unakuta iliyofanyika kweli ina thamani ya milioni 800, na fedha zilizokwisha kutoka ni bilioni 1.1. Gawa milioni 800 kwa bilioni 1 upate 0.8: mradi uko nyuma ya ratiba. Gawa milioni 800 kwa bilioni 1.1 upate 0.73 hivi: kila shilingi unayotoa inakuletea kazi ya senti 73. Mwendo huo ukiendelea, jengo litaisha kwa bilioni 2.75. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwataka wakandarasi wake wafuate utaratibu wa namna hii tangu 1967, na hesabu yake ni nzuri.

Udhaifu uko kwenye ile milioni 800. Nani aliyesema ni milioni 800? Mara nyingi ni mkandarasi mwenyewe, akikadiria kwamba kazi ya umeme “imefika asilimia 85”. Chukua waya mmoja ndani ya kituo cha treni. Unavutwa kwenye njia yake. Unaungwa pande zote mbili. Unapimwa. Unapimwa tena pamoja na mfumo unaouhudumia. Hati inasainiwa, na mwendeshaji wa kituo anaipokea. Ukihesabu kwa mita zilizovutwa, kazi imekwisha mapema sana. Ukihesabu kwa hati zilizopokelewa, bado hujaanza. Zote mbili ni namba za kweli, lakini ni moja tu inayokuambia lini treni itabeba abiria.

Pia asilimia hupimwa kwa fedha. Kuchimba na kumwaga zege kunameza mabilioni. Majaribio hayamezi fedha nyingi namna hiyo, yanameza muda. Mradi unaweza kuwa umetumia sehemu kubwa ya fedha zake na ukaonekana uko mlangoni, kumbe kazi inayochukua muda mrefu kuliko zote bado iko mbele yake nzima. Treni za Crossrail zilitakiwa kuvuka mifumo mitatu tofauti ya ishara katika safari moja, kila mfumo ukizungumza lugha yake na kompyuta ya treni. Hilo halipimiki kwa asilimia ya fedha. Mifumo hiyo ama imekubali kufanya kazi pamoja ama haijakubali.

Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilitoa ripoti yake Mei 2019, na ni maandishi ninayomshauri kila msimamizi wa mradi ayasome. Kazi ya sehemu ya kati ilikuwa imegawanywa katika mikataba mikuu 36. Kila mkandarasi alikuwa na ratiba yake, lakini mradi haukuwa na mpango wa kina na wa kuaminika uliozifunga zote pamoja hadi siku ya ufunguzi. Viongozi waling’ang’ania tarehe ya Desemba 2018 hata pale dalili zilipokuwa wazi. Novemba 2017 kifaa cha umeme kililipuka kwenye kituo cha kupozea umeme cha Pudding Mill Lane na kuchelewesha majaribio ya treni. Badala ya kusogeza mwisho, walibana katikati: ujenzi na majaribio vikapangwa kwenda kwa wakati mmoja ndani ya handaki lilelile, mafundi wakisubiri treni zipite na treni zikisubiri mafundi watoke.

Mficha maradhi kilio humfichua. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa akatunga uongo, na siamini kwamba uongo ungehitajika. Kila mkandarasi alikadiria kwa matumaini kidogo, kila meneja akaamini kuchelewa kwa mwezi huu kutafidiwa mwezi ujao, na makadirio hayo yalipojumlishwa yakatoa namba moja ya kupendeza. Kule handakini rangi nyekundu ilileta pampu ya saruji. Huku mezani rangi nyekundu ilimletea mtu maswali magumu, basi namba zikajifunza kubaki za manjano.

Novemba 2018 Mark Wild, aliyekuwa akiongoza treni za chini ya ardhi za London, alikabidhiwa mradi. Aprili 2019 mradi ukatoa mpango mpya uliounganisha kazi zote, na safari hii ukatangaza kipindi badala ya siku moja: kati ya Oktoba 2020 na Machi 2021. Kipindi hicho nacho kilipita, Covid-19 ikiwa sehemu ya sababu. Hata hivyo napenda uamuzi wa kutaja kipindi. Anayesema “kati ya hapa na pale” anamwonyesha msomaji upana wa asichokijua, na upana huo wenyewe ni takwimu muhimu. Macho yakahamia kwenye vitu visivyobishaniwa: kituo kimekabidhiwa au bado, programu ya ishara imepita majaribio au bado, treni ngapi zimepita handakini kwa saa. Treni zilianza kukimbizwa kwa ratiba ya majaribio Mei 2021. Kituo cha Bond Street kilipoonekana hakitakuwa tayari, waliamua kufungua njia bila hicho. Kilifunguliwa Oktoba 2022, miezi mitano baada ya vingine. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kufanywa na mtu anayetazama wastani wa mradi mzima, kwa sababu ndani ya wastani Bond Street haionekani.

Leo vifaa ni rahisi kuliko wakati ule. Fundi anajaza fomu kwenye simu, kamera inapiga picha ya kila chumba na kuilinganisha na mchoro, droni inapima kilima cha kifusi kwa dakika chache. Navifurahia, na ningependa kuviona kwenye kila eneo la ujenzi, hata la zahanati ya kata. Lakini picha ya waya uliovutwa bado ni picha ya waya uliovutwa. Haisemi kama umeme unapita.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahandisi washauri, maofisa manunuzi na wote wanaoandaa zabuni katika nchi zetu ni hili: kabla ya kununua programu ya dashibodi, rudini kwenye mkataba. Andikeni humo kwamba kazi itahesabiwa sifuri hadi hati ya ukaguzi au ya majaribio isainiwe, na kwamba anayesaini hatakuwa mtu wa mkandarasi. Tengeni muda wa majaribio kama kazi inayojitegemea kwenye ratiba, na mkataze kwa maandishi usimegwe ili kufidia ucheleweshaji wa ujenzi. Kwa kila namba mnayoitaka kila mwezi, tajeni kiwango chake chekundu, cheo cha mtu atakayeitwa siku hiyo, na mamlaka aliyonayo ya kusimamisha kazi. Namba isiyo na mtu wa kuitwa iondoeni kwenye orodha.