Nani Aliyejificha Kati Yao? Ukisiaji wa Hadhira katika Hadithi za Kisayansi

Mhakiki aliyezoea kazi zilizoandikwa huelekea kuudharau ukisiaji wa hadhira. Kwake yeye, msomaji anayeuliza "Huyu ni nani hasa?" kabla hadithi haijafika mwisho ni mtu mwenye pupa, aliyekiacha kiini akashika ganda. Dharau hiyo haina msingi wa kutosha. Zipo kazi ambazo fani yake yote imejengwa juu ya swali hilo, na haziwezi kuhukumiwa kwa haki mpaka ukisiaji wa hadhira uhesabiwe kuwa sehemu ya utungaji wenyewe. Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kulinganisha masimulizi ya zimwi kama yanavyojulikana Bungoma na Kitale, tamthilia ya televisheni ya Kimarekani iitwayo Battlestar Galactica, na riwaya mbili za Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba kazi ya aina hii hupimwa kwa mahali inapomwacha msikilizaji akielekeza kidole: kwa jirani yake, au kifuani mwake mwenyewe.

Yafaa kuanza na masimulizi ya jadi. Zimwi, ambalo Wabukusu huliita linani, lina sura nyingi, lakini katika hadithi zilizoenea kote Afrika Mashariki iko aina moja mashuhuri. Kijana mzuri asiyejulikana atokako huja kuposa. Binti aliyewakataa wachumba wote wa kijijini humkubali. Njiani, au huko waendako, uzuri humwondoka bwana harusi na zimwi hubaki. Linalostahili kuangaliwa hapa ni mgawanyo wa maarifa. Hadhira hujua mapema. Fanani huwapa wasikilizaji ishara, nao huhangaika kwa ajili ya binti asiyewasikia. Raha yao haitokani na kukisia, bali na kujua asichokijua mhusika. Na funzo lao ni wazi: hatari hutoka nje, na huvaa sura ya mgeni. Katika hadithi ya namna hii hapana msikilizaji anayelala akijiuliza kama yeye mwenyewe ndiye zimwi.

Lakini jadi hiyo hiyo ina mfano wa pili, ulio kinyume cha huo. Katika jamii kadhaa za magharibi mwa Kenya, mtoto mchanga aliapo bila kunyamaza, wazee humtajia majina ya jamaa waliofariki, moja baada ya jingine. Jina atakalonyamaza linapotajwa ndilo lake. Hapa pia upo utambulisho uliofichwa, na wapo wanaokisia. Tofauti ni kwamba aliyefichwa si adui aliyejifanya mwenyeji, bali ni mwenyeji aliyerudi kwa sura ya mgeni. Anayemkisia anatafuta damu yake mwenyewe. Mifano hii miwili, wa linani na wa mtoto aliaye, yatosha kuwa vipimo vya kazi zinazofuata.

Battlestar Galactica inayozungumziwa hapa ilianza kwa tamthilia fupi ya televisheni ya mwaka 2003, kisha ikaendelea kwa mfululizo hadi mwaka 2009. Msingi wake ni huu: wanadamu waliunda mashine ziitwazo Cylon, mashine hizo ziliasi, zikatoweka kwa miaka arobaini, kisha zikarudi na kuyateketeza makoloni kumi na mawili ya wanadamu. Mabaki ya watu, wapatao elfu hamsini tu, hukimbia katika vyombo vya angani. Jambo linalowatia hofu zaidi ni kwamba baadhi ya Cylon sasa wana umbo la mwanadamu, damu ya mwanadamu, na hata machozi yake. Aina zao ni kumi na mbili. Saba hujulikana kadiri hadithi inavyoendelea. Tano zilizosalia hufichwa, na kwa muda mrefu watazamaji walizikisia kwa bidii kubwa.

Ukisiaji huo ulikuwa na mbinu zake. Watazamaji walichunguza nani hajaumwa na nani hana wazazi wanaojulikana, nani aliokoka palipokufa wengine wote, nani alitazamwa na kamera kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kila tendo dogo liligeuzwa kuwa ushahidi. Kwa mtazamo wa fani, hii ni hadhira iliyonyimwa kile ambacho hadhira ya linani imepewa. Tena kuna jambo ambalo linani halikuwa nalo: mwenye kujificha huenda asijue kwamba amejificha. Rubani Sharon Valerii anajiona kuwa mwanadamu mtiifu, kumbe ni Cylon. Na mwisho wa sehemu ya kwanza anampiga risasi kamanda wake ampendaye kama baba. Tangu hapo mtazamaji hawezi tena kuridhika na swali "Nani anadanganya?", kwa kuwa kusema kweli hakumwokoi mtu.

Mnamo Machi 2007, mwishoni mwa sehemu ya tatu, wanne kati ya watano walijulikana: Saul Tigh, Galen Tyrol, Samuel Anders na Tory Foster. Uchaguzi huo una uzito. Tigh na Anders walikuwa viongozi wa upinzani wakati wanadamu walipotawaliwa na Cylon, na Tyrol alikuwa pamoja nao. Tigh alimuua mke wake kwa sumu kwa kosa la kushirikiana na adui. Wa tano, aliyefichuliwa Januari 2009, alikuwa huyo huyo mke, Ellen. Yaani waliomchukia adui kuliko wote ndio waliokuwa adui, na wakabaki walewale baada ya kujulikana. Hadithi iliyoanza kama ya linani ikaishia kama ya mtoto aliaye.

Hata hivyo, sifa hiyo isifiche kasoro. Ronald D. Moore, mtungaji mkuu wa tamthilia, ameeleza kwamba wale watano hawakupangwa tangu mwanzo. Walichaguliwa kazi ikiwa imeshasonga mbele. Maana yake ni kwamba ishara ambazo watazamaji walizikusanya kutoka sehemu za mwanzo hazikuwekwa pale ziwe ishara. Mhakiki anayetaka kila jambo katika kazi liwe na mzizi ana haki ya kulalamika. Mtetezi anaweza kujibu kwamba hata fanani hutunga akiwa mbele ya hadhira, na huipinda hadithi kwa kadiri anavyoona nyuso zao. Jibu hilo lina nguvu, ila si kwa ukamilifu. Fanani hakuahidi kitendawili chenye jibu moja, tamthilia iliahidi. Aliyesema "kitendawili" na kujibiwa "tega" hana budi kuwa na jibu lake kabla ya kutega.

Iwapo suala lingekuwa la burudani tu, mjadala ungeweza kukomea hapo. Lakini katika miaka ile ile ambayo watazamaji wa ng'ambo walikuwa wakikisia nani ni Cylon, swali hilo lilikuwa likiulizwa kwa namna nyingine katika Mlima Elgon, eneo ambalo leo ni sehemu ya Kaunti ya Bungoma. Mgogoro wa ardhi ya Chebyuk ulizaa kundi la Sabaot Land Defence Force, ambalo liliua watu, likawafukuza wengi, na kuwakata masikio baadhi ya wakazi. Mtu alitosha kutuhumiwa kuwa mtoa habari. Kisha, Machi 2008, jeshi lilipoanza Operesheni Okoa Maisha, kidole kiligeuzwa upande wa pili. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka huo ilieleza jinsi wanaume walivyokusanywa kwa wingi, wakapelekwa kambi ya Kapkota, wakapigwa, na kupitishwa mbele ya watoa habari waliotakiwa kuonyesha nani alikuwa mpiganaji. Mbinu hiyo haikuwa ngeni nchini Kenya. Wakati wa Operesheni Anvil mjini Nairobi, mwaka 1954, kazi ya namna hiyo ilifanywa na watu waliofunikwa vichwa kwa magunia, walioitwa gakunia.

Mlinganisho huu haukusudii kuishusha misiba ya watu iwe kielelezo cha tamthilia. Makusudi yake ni kuonyesha kwamba ukisiaji wa utambulisho ni tendo lenye maadili ndani yake, na kwamba kazi ya sanaa yaweza kulifundisha vizuri au vibaya. Battlestar Galactica hulifundisha vizuri kuliko inavyokumbukwa. Baada ya wanadamu kukombolewa, watu sita huunda baraza la siri la kuwahukumu wasaliti. Wanamuua askari aliyefanya kazi usiku kwa kufunika uso. Kisha wanakaribia kumuua Felix Gaeta, karani wa serikali ya kibaraka, ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa akiwapelekea wapiganaji siri za adui. Kati ya waliohukumu katika baraza hilo walikuwamo Tigh, Tyrol na Anders. Mtazamaji wa mara ya kwanza huona hofu ya kumuua asiye na hatia. Mtazamaji wa mara ya pili, ajuaye yatakayofichuliwa baadaye, huona mahakimu watatu ambao ndio hasa waliokuwa wakitafutwa. Hapo ndipo ukisiaji unapolipa deni lake.

Fasihi ya Kiswahili haiko nyuma katika jambo hili. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyepata kuwekwa kizuizini mwaka 1986, anampeleka Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, mpaka sayari ya mbali yenye jamii ya haki. Msomaji hukisia wakazi wa huko ni nani, na jibu analo mkononi tangu alipokishika kitabu: wale ni sisi. Ni ufupi wa ajabu, na ni mfano wa mtoto aliaye katika hali yake safi kabisa. Kasoro ya riwaya ni kwamba, jina likishafumbuliwa, maelezo marefu juu ya utaratibu wa sayari huchukua nafasi ya mashaka, na msomaji hubaki mwanafunzi tu.

Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila hufuata njia nyingine. Msimulizi huzunguka ulimwengu ulioharibika akimtafuta anayeitwa P.P., na msomaji huhangaika na herufi hizo mbili. Mwishowe hujulikana kuwa ni Peter Pan, mtoto asiyekua katika tamthilia ya J. M. Barrie ya mwaka 1904. Ukisiaji hapa hudumu zaidi kuliko katika Walenisi, lakini mharibifu hupatikana nje, kama linani. Kichwa cha riwaya, kinachowajumuisha wana wote wa Adamu, chaahidi lawama pana kuliko ile inayotolewa na ufumbuzi wake.

Mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia yalichukuliwa baada ya uhuru na watu waliotoka kila upande wa nchi. Hivyo darasa la Kitale huwakalisha pamoja watoto ambao wazazi wao wamewahi, zaidi ya mara moja, kuulizana nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Mapigano ya mwaka 1992 na ya mwaka 2008 hayakuwaacha salama. Mwalimu anayefundisha hadithi ya linani katika darasa kama hilo, au anayemtaka mwanafunzi aandike kwa sentensi moja P.P. ni nani, anafundisha pia namna ya kumtazama aliyekaa dawati la pili. Swali "Ni nani?" lisifutwe, maana bila hilo hadithi haisongi. Lifuatwe na jingine: ni kwa ishara zipi msimulizi amemfanya msikilizaji amshuku huyu na asimshuku yule, na ishara hizo zingekuwa na maana gani kama zingeonekana kwa msikilizaji mwenyewe?