Kisoma-Milisho cha Bure: Kipi Kimfae Mwalimu wa Kiswahili?

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda tuna shida moja ya kudumu: matini mpya. Mwanafunzi husoma ufahamu uleule wa kitabu cha kiada alichosomea kaka yake, na msamiati wake hubaki palepale. Tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam, gazeti la Kiswahili lilikuwa kila kona ya barabara. Hapa kwetu hatuna budi kulitafuta. Katika makala haya tunahakiki chombo kinachoweza kuziba pengo hilo, yaani programu ya kusoma milisho ya RSS isiyolipiwa.

RSS ilianzia katika kampuni ya Netscape mwaka 1999. Tovuti huweka faili ndogo yenye vichwa vya habari mpya, muhtasari na kiungo. Programu ya msomaji huipitia faili hiyo na kumwonyesha yaliyoongezeka. Kwa hiyo, badala ya kuzunguka tovuti 20, msomaji hufungua mahali pamoja tu. BBC Swahili wana mlisho wao, na blogu zilizojengwa kwa WordPress kwa kawaida huwa nao hata kama mwenye blogu hana habari.

Istilahi yenyewe, "mlisho", inatutia shaka kidogo. Anayelishwa hachagui chakula, ilhali katika RSS msomaji ndiye huchagua vyanzo vyake. Wanaolishwa hasa ni wale wanaotegemea mitandao ya kijamii, ambako programu ya kampuni huamua nani aone nini. Tunaitumia istilahi hii kwa kuwa imezoeleka, lakini tofauti hiyo mwalimu asiisahau.

Tumetumia vigezo vitatu: usalama wa orodha ya vyanzo, gharama ya intaneti, na wepesi wa matumizi kwa mwanafunzi.

Kigezo cha kwanza tumejifunza kwa machungu. Miaka kadhaa iliyopita tulikusanya vyanzo vya Kiswahili kwa ajili ya darasa katika huduma moja ndogo ya bure. Siku moja huduma ikafungwa, na orodha yote ikaenda nayo, kwa kuwa hatukuwa na nakala. Hata wakubwa hufunga. Google Reader, iliyoanza mwaka 2005, ilifungwa Julai 1, 2013, ingawa watumiaji walipewa miezi kadhaa ya kuhamisha orodha zao. Wahenga walisema rahisi ghali. Basi kabla ya kuchagua programu, hakikisha inaweza kutoa orodha yako katika faili ya OPML, ambayo programu nyingine itaweza kuisoma.

Feedly na Inoreader ni huduma za mtandaoni. Ubora wao ni kwamba ulichosoma kwenye kompyuta ofisini hukikuti tena kwenye simu kama kipya. Hata hivyo, bure yao ina mipaka: Feedly huruhusu vyanzo 100 na Inoreader 150, tena Inoreader huweka matangazo. Kwa darasa moja idadi hiyo inatosha. Udhaifu tunaouona ni kwamba kila mwanafunzi hulazimika kufungua akaunti, na orodha hukaa kwenye kompyuta za kampuni.

Thunderbird, programu huria ya barua pepe kutoka Mozilla, husoma milisho pia. Haihitaji akaunti ya mtandaoni kwa kazi hiyo, na yaliyokwisha kupakuliwa hubaki kwenye kompyuta yako. Kwa simu za Android ipo Feeder, ambayo nayo ni huria, haina akaunti na hupokea faili ya OPML. Kasoro yake ni kuwa Thunderbird na Feeder hazipatanishi yaliyosomwa. Lakini katika nchi ambayo bando la intaneti limetozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, kupakua mara moja penye mtandao wa chuo na kusoma baadaye si jambo dogo.

Uamuzi wetu basi ni huu: mwalimu atumie Thunderbird, atengeneze orodha, aitoe katika OPML na kuwagawia wanafunzi waiingize katika Feeder. Anayehama sana kati ya simu na kompyuta achague Inoreader, mradi atoe nakala ya orodha yake kila muhula.

Tahadhari mbili zimebaki. Kwanza, milisho mingi hutoa muhtasari tu; makala kamili hukulazimu kufungua tovuti, na hilo si kosa la programu. Pili, Kiswahili cha vyombo vya habari si kisima safi. Habari nyingi hutafsiriwa haraka kutoka Kiingereza, na muundo wa Kiingereza hubaki ndani yake. Hatusemi zisisomwe. Tunasema mwanafunzi wa mwaka wa pili apewe vichwa vitano kwa wiki, aeleze kipi kimesemwa Kiswahili na kipi kimevikwa maneno ya Kiswahili tu. Zoezi hilo halihitaji kitabu kipya, ila orodha nzuri ya vyanzo na mwalimu aliyeisoma kabla ya darasa.